Pikapu ya Zamani Haitulii Barabarani? Usikimbilie Kuongeza Pleti

Kama umewahi kupanda pikapu ya zamani, bila shaka jambo hili umeliona. Asubuhi ikiwa imebeba magunia ya mahindi inatembea kwa utulivu, unaweza hata kusinzia. Jioni inarudi tupu, barabara ni ileile na dereva ni yuleyule, lakini inadunda mpaka meno yanagongana. Kwenye kona ya vumbi mkia unataka kwenda njia yake.

Ukimuuliza fundi wa mtaani, mara nyingi jibu ni moja: "Springi zimechoka hizo, tuongeze pleti mbili." Pleti zinaongezwa, gari linanyanyuka nyuma, linaonekana limesimama vizuri, na mwenye gari anaondoka akiwa ameridhika. Lakini kudunda hakuishi. Mara nyingi kunazidi.

Kwa nini? Katika makala hii tutalipitia suala hili kwa fizikia ya sekondari tu, bila hesabu za kutisha. Ukibaki na jambo moja kichwani, liwe hili: gari halishikwi na springi, linashikwa na tairi, na tairi linashika pale tu linapogusa ardhi. Kwa hiyo kila unachokibadilisha chini ya pikapu yako kipime kwa swali moja: je, kitaifanya tairi iguse ardhi zaidi, au kidogo zaidi?

Gari tunalolizungumzia

Tuchukue mfano wa Toyota Hilux za zamani. Hilux ya kwanza ilitoka mwaka 1968, na ya kwanza yenye nguvu magurudumu yote manne ilitoka mwaka 1979. Hizo za mwanzo za magurudumu manne zilikuwa na ekseli ngumu mbele na nyuma, zote zimekaa juu ya springi za pleti. Katikati ya miaka ya 1980 Toyota walianza kubadilisha mbele, kila gurudumu likawa linapanda na kushuka lenyewe. Nyuma wakabaki na ekseli ngumu na pleti. Hata ukichungulia chini ya pikapu nyingi mpya za leo, nyuma utaikuta pleti ileile.

Hawakubaki nayo kwa uvivu. Springi ya pleti ni kifaa cha ajabu kwa urahisi wake. Inabeba mzigo, inaishikilia ekseli isiende mbele wala nyuma wala pembeni, na msuguano kati ya pleti na pleti unasaidia kidogo kupunguza mtikisiko. Ikivunjika, hata fundi wa kijijini anaweza kuitengeneza chini ya mwembe. Tatizo ni kwamba kifaa kimoja kinafanya kazi nyingi, na ukikigusa kwa ajili ya kazi moja, umezigusa zote.

Springi inafanya nini hasa?

Robert Hooke, mwanasayansi Mwingereza, alichapisha mwaka 1678 kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fizikia anaijua: springi inanyooka au kubonyea kwa kiasi kinacholingana na kani inayoivuta au kuikandamiza. Weka kilo 100, inashuka sentimita moja. Weka kilo 200, inashuka mbili.

Kutoka kwenye kanuni hiyo tunapata jambo la pili. Mzigo ukiwa juu ya springi na ukatikiswa, hupanda na kushuka kwa mwendo wake maalumu, mara kadhaa kwa sekunde. Mara moja kwa sekunde tunaiita hezi moja. Springi ikiwa ngumu zaidi, hezi zinaongezeka. Mzigo ukiwa mzito zaidi, hezi zinapungua.

Kuna njia fupi ya kuipata namba hiyo. Chukua umbali ambao springi imebonyea kwa uzito uliopo juu yake, kwa sentimita. Tafuta kipeuo chake cha pili. Kisha gawa 5 kwa jibu hilo. Springi iliyobonyea sentimita 25 inatoa 5 gawa kwa 5, yaani hezi 1. Iliyobonyea sentimita 4 inatoa 5 gawa kwa 2, yaani hezi 2.5.

Kwa mwili wa binadamu, hezi 1 hadi 1.5 ni starehe, kwa sababu haiko mbali na mwendo ambao mwili umeuzoea katika kutembea. Ukipanda juu ya 2 unaanza kuhisi unatupwatupwa. Kati ya 4 na 8 ndipo mwili uliokaa unaposumbuka zaidi na mitikisiko ya juu na chini, maana viungo vya ndani navyo vina mitikisiko yao ya asili maeneo hayohayo.

Hesabu ya pleti mbili

Sasa tuweke namba za mfano. Tuseme sehemu ya nyuma ya pikapu tupu inaweka kilo 500 juu ya springi zake mbili. Kila springi ina pleti tano zinazofanana, na kwa uzito huo zimebonyea sentimita 5.1. Ukipiga hesabu yetu unapata hezi 2.2. Ndiyo maana pikapu tupu inadunda hata ikitoka kiwandani.

Sasa pakia kilo 800. Springi zinabonyea sentimita nyingine 8.2, jumla 13.3, na hezi zinashuka hadi 1.4. Hapo ndipo lilipo jibu la kitendawili cha asubuhi na jioni: springi haikubadilika, kilichobadilika ni uzito ulio juu yake. Mhandisi aliitengeneza springi hiyo kwa ajili ya siku ya mzigo, na siku nyingine zote wewe unalipa.

Fundi anaongeza pleti mbili. Kutoka tano kwenda saba, kama pleti zinafanana, ugumu unaongezeka kwa asilimia 40. Pikapu tupu sasa inabonyea sentimita 3.6 tu, na hezi zimepanda hadi 2.6. Kwa upande wa mzigo, zile kilo 800 sasa zinaishusha sentimita 5.9 badala ya 8.2. Yaani kwa siku za mzigo umeokoa sentimita 2.3 za kulala. Kwa siku za kurudi tupu umelipeleka gari kwenye mtikisiko mkali zaidi.

Na hapa tumedhani fundi ametumia pleti za unene uleule. Ugumu wa pleti unakwenda kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Pleti ya milimita 8 si ngumu kidogo kuliko ya milimita 6 zikiwa na urefu na upana sawa. Ni ngumu zaidi ya mara mbili, karibu mara 2.4. Kwa hiyo pleti mbili nene zilizotolewa kwenye lori zinaweza kuigeuza springi ya pikapu kuwa kipande cha reli.

Zile sentimita 5.1 na 3.6

Rudi kwenye namba hizo mbili, maana ndizo kiini cha makala hii.

Umbali ambao springi imebonyea si namba ya starehe peke yake. Ndio umbali ambao springi inaweza kuendelea kulisukuma gurudumu chini pale barabara inaposhuka ghafla. Fikiria gurudumu linafika kwenye shimo. Bodi ni nzito, haiwezi kushuka mara moja. Springi ndiyo inayolisukuma gurudumu lifuate shimo. Lakini kadiri gurudumu linavyoshuka springi inaachia, na inapomaliza umbali wake wa kubonyea, msukumo unakwisha. Kuanzia hapo gurudumu linashuka kwa uzito wa ekseli yake tu, na kwa gari lililo mwendoni mara nyingi shimo limeshapita.

Pikapu yenye mzigo ina sentimita 13.3 za kulifuata shimo. Ikiwa tupu ina 5.1. Tupu yenye pleti za ziada ina 3.6. Shimo la sentimita 5, ambalo kwenye barabara zetu wala hatuliiti shimo, linatosha kumaliza msukumo wote wa springi iliyoongezwa pleti. Na tairi lisilosukumwa chini halina mshiko: halifungi breki, haligeuzi gari, halilizuii kuteleza.

Barabara yenye migongo kama bati

Unazijua zile barabara za vumbi ambazo uso wake umejikunja migongomigongo kama bati la kuezekea. Ukienda taratibu unatikiswa mpaka unahisi gari linafunguka nati. Dereva mzoefu anakwambia, "Ongeza mwendo, itatulia." Anaongeza, na kweli inatulia. Imetuliaje?

Mbali na bodi, ekseli yenyewe nayo ina mtikisiko wake. Iko katikati: juu imeshikwa na springi, chini imekaa juu ya hewa ya tairi, ambayo nayo ni springi ngumu sana. Kwa ekseli nzito ya pikapu mtikisiko huo uko kwenye hezi 10 hivi. Tuseme kutoka mgongo hadi mgongo ni sentimita 80. Ukiwa kwenye kilomita 29 kwa saa, unavuka migongo 10 kila sekunde. Barabara inaisukuma ekseli kwa mdundo uleule inaoupenda, kama mtoto anavyosukumwa kwenye bembea kwa wakati wake. Hapo ndipo gari linapotaka kufunguka.

Ukienda kilomita 80 kwa saa unavuka migongo karibu 28 kwa sekunde. Ekseli haiwezi kuifuata kasi hiyo. Gurudumu linabaki juu, likigonga vichwa vya migongo na kuruka mabonde. Kweli gari limetulia, lakini limetulia kwa sababu tairi ziko hewani sehemu kubwa ya muda. Siku mbuzi akikatiza mbele yako, au kona ikija ghafla kuliko ulivyotegemea, utagundua kwamba utulivu ule ulikuwa wa kuelea.

Watu hudhani migongo hii inaletwa na springi za magari. Mwaka 2007 wanafizikia Taberlet, Morris na McElwaine walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa gurudumu dogo linalozunguka juu ya mchanga kwenye meza ya duara. Waliona migongo inajitokeza hata kama gurudumu halina springi. Kinachohitajika ni kuvuka mwendo fulani. Chini ya mwendo huo mchanga unabaki tambarare. Maana yake ni kwamba huwezi kununua springi itakayoiondoa migongo duniani. Unachoweza ni kuisaidia tairi yako iifuate.

Shokapu: kifaa tunachokisahau

Springi haimalizi nishati, inaihifadhi na kuirudisha. Ukiiacha peke yake itadunda na kudunda. Kazi ya kuimaliza ni ya shokapu, ambayo wengine huiita shokomzoba. Ndani yake kuna pistoni inayolazimisha oili kupita kwenye vitundu vidogo. Oili inapata joto, joto linatoka hewani, na mdundo unakufa. Shokapu ni mashine ya kugeuza mitikisiko kuwa joto, basi.

Kwa pikapu ya zamani hiki ndicho kifaa ambacho kikibadilishwa unaona tofauti kubwa kwa pesa kidogo. Kumbuka kwamba shokapu haifi siku moja kama taa. Inadhoofika polepole, na dereva anaizoea bila kujua. Dalili ni oili iliyovuja na kushikwa na vumbi mwilini mwake, au tairi lililoliwa kwa mabaka badala ya kuisha sawasawa. Kuna njia nyingine rahisi: ukitoka kwenye kipande kirefu cha barabara mbaya, simama mahali salama, zima gari, kisha sogeza kiganja karibu na kila shokapu bila kuishika, maana inaweza kukuunguza. Zile zinazofanya kazi zitakuwa na joto. Ukikuta moja imepoa wakati wenzake wana moto, hiyo ilikuwa inasindikiza tu.

Sasa unganisha na pleti. Kiasi cha kutuliza kinachohitajika kinategemea ugumu wa springi. Ukiongeza ugumu kwa asilimia 40 na kuacha shokapu ileile, uwezo wake wa kutuliza ukilinganisha na mahitaji unashuka kwa karibu asilimia 15. Kama ilikuwa imechoka tayari, umeiongezea kazi siku ya kustaafu.

Ukinunua mpya kwa ajili ya barabara ndefu za vumbi, tafuta zenye gesi ya naitrojeni ndani. Shokapu ikipiga kwa kasi muda mrefu, oili inaweza kuchanganyika na hewa na kutoa povu, na povu halina ukinzani wa oili. Shinikizo la gesi linapunguza povu hilo.

Kwenye kona, mkia unakwenda wapi?

Gari linapokata kona, uzito unahama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Kiasi kinachohama kinategemea uzito wa gari, urefu wa kitovu chake cha uzito, upana kati ya magurudumu, na ukali wa kona. Kwa jumla springi haziwezi kukizuia. Zinachoamua ni mgawanyo: ekseli ya mbele ibebe kiasi gani cha uhamisho huo, na ya nyuma kiasi gani. Iliyo ngumu zaidi inabeba sehemu kubwa zaidi.

Hilo ni tatizo kwa sababu tairi ina tabia moja: ukiiongezea uzito mshiko unaongezeka, lakini si kwa kiwango kilekile. Chukua mfano. Tairi mbili zenye kilo 300 kila moja zinashika kwa nguvu ya kilo 240 kila moja, jumla 480. Uzito ukihama zikawa na 500 na 100, ya nje inaweza kushika kwa 360 na ya ndani kwa 85. Jumla 445. Uzito wote ni uleule, kilo 600, lakini mshiko umepungua.

Ukiongeza pleti nyuma, umeipa ekseli ya nyuma sehemu kubwa zaidi ya uhamisho huo. Nyuma ya pikapu tupu ilikuwa nyepesi tayari. Matokeo ni kwamba nyuma inaachia kabla ya mbele, na mkia unatoka nje. Mbele ikiachia kwanza, gari linakwenda wima na dereva wa kawaida anapunguza mwendo tu. Nyuma ikiachia kwanza, gari linazunguka, na kulirudisha kunahitaji ustadi ambao wengi wetu hatuna. Ndiyo maana kwa pikapu ya zamani, stebilaiza nzuri mbele ina faida ya usalama kuliko pleti nyuma.

Hata mtu anayewaza starehe tu hatoki salama. Miaka ya 1930, Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce na kwenda Cadillac nchini Marekani, alionyesha kwamba springi za mbele zinapaswa kuwa laini kuliko za nyuma kwa kiasi fulani. Tuta linaanza kugonga mbele. Nyuma ikitikisika haraka kidogo, inawahi kuifikia mbele na gari linapanda na kushuka likiwa usawa, bila kupiga magoti. Neno kubwa hapo ni kidogo. Ukizidisha, nyuma inarusha abiria.

Kunyanyua gari, na namna ya kupakia

Vijana wengi wanapenda pikapu iliyonyanyuka. Hebu tuone bei yake. Gawa upana kati ya magurudumu kwa mara mbili ya urefu wa kitovu cha uzito. Idara ya usalama barabarani ya Marekani hutumia kipimo hiki kukadiria uwezekano wa gari kupinduka: namba ikiwa ndogo, hatari ni kubwa. Pikapu yenye upana wa mita 1.4 na kitovu kwenye sentimita 65 inapata 1.08. Inyanyue sentimita 5 na inapata 1.0.

Lakini angalia mzigo unavyofanya. Pikapu ya kilo 1,400 ikibeba kilo 800 zilizopangwa chini, kitovu cha mzigo kikiwa mita 1 kutoka ardhini, inapata 0.90. Panga mzigo uleule kwa kwenda juu, kitovu chake kiwe mita 1.5, na namba inashuka hadi 0.73. Hakuna springi, shokapu wala stebilaiza inayoweza kurudisha kiasi hicho. Na kama mzigo ni watu waliosimama, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu watu huegemea upande uleule ambao gari linaegemea.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Hilux nyingi zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo ndogo. Bodi ikishuka kwa mzigo, valvu inajua gari ni zito na kuruhusu breki zaidi nyuma. Ukiongeza pleti au kunyanyua gari, bodi haishuki kama zamani. Valvu inadhani gari ni tupu, na inabana breki za nyuma siku ambayo una tani nzima mgongoni. Ukibadilisha springi, valvu hii lazima irekebishwe. Mwambie fundi kabla hajaanza kazi.

Basi nifanye nini?

Fuata mpangilio huu, kuanzia cha bei ndogo.

Kwanza, upepo wa tairi. Angalia kibandiko cha kiwandani au kitabu cha gari. Mara nyingi vipimo vya tupu na vya mzigo ni tofauti. Pikapu nyingi hutembea tupu zikiwa na upepo wa siku ya mzigo, na tairi lililojaa kupita kiasi linadunda kama mpira.

Pili, bushi na shakeli. Bushi zilizokufa zinaiacha ekseli itembee pembeni, na gari linajiendesha lenyewe. Watu huona usukani unacheza, wakakimbilia springi.

Tatu, pleti zilizopo. Zifungue, ondoa kutu, badilisha iliyovunjika kwa nyingine ya unene uleule, paka grisi. Pleti zilizoshikana kwa kutu hazisogei kabisa kwenye mitikisiko midogo. Usikubali pleti ichomelewe au ikunjwe kwa moto wa gesi, maana chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa joto maalumu, na moto wa fundi unauondoa. Zile boliti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli zinunuliwe mpya, na zikazwe tena baada ya siku chache za kazi.

Nne, shokapu, zote nne, za urefu unaolingana na gari.

Tano, ndipo uzungumzie springi. Kama kweli gari linalala chini ya mzigo wa halali, usiongeze pleti zinazofanya kazi muda wote. Tumia pleti ya msaada: nene, iliyonyooka, inayokaa chini ya nyingine bila kubeba chochote gari likiwa tupu. Mzigo ukishusha springi, ndipo zile za juu zinapoikuta na yenyewe inaanza kubeba. Pikapu nyingi hutoka nayo kiwandani, ila huko njiani iliondolewa au ikakunjwa ifanane na wenzake. Kuna pia mifuko ya hewa inayofungwa kati ya ekseli na chesisi, unayoijaza siku ya mzigo na kuipunguza siku ya tupu.

Sita, stebilaiza ya mbele. Kama ilitolewa ili kurahisisha matengenezo, irudishwe.

Na ukitaka kujua kazi imefanyika vizuri, huhitaji maabara. Chukua futi ya kupimia. Pima kutoka katikati ya rimu ya nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake, gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyo sawa. Kisha weka jeki chini ya chesisi, weka stendi imara na vizuizi kwenye magurudumu mengine, na uinue mpaka gurudumu linaanza kuachana na ardhi. Pima tena, ukiwa nje, usiingie chini ya gari. Tofauti ya vipimo hivyo viwili inakukadiria umbali ambao springi yako inaweza kulifuata shimo gari likiwa tupu. Iandike. Fundi akimaliza kazi, pima tena kabla hujamlipa. Kama namba imepungua, gari limenyanyuka lakini mshiko umeuacha gereji.